Wanafuata na karata mbovu, halafu wananishinda: nifanyeje?

*"Shikamoo mwalimu. Niko Mwanga, Kigoma. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunacheza poka ya Texas (karata mbili mkononi, tano za wote mezani), watu 18, meza mbili. Kiingilio hakuna. Mfanyabiashara mmoja wa mawese ndiye anayetoa zawadi: wa kwanza mbuzi, wa pili mchele kilo 20, wa tatu dumu la mawese. Kila mtu anaanza na kete 5,000. Madau ya lazima yanaanza 25 na 50, na kila baada ya dakika 20 yanaongezeka mara mbili. Mimi najifunza sana, naangalia video za mabingwa kila usiku. Wenzangu wengi mpaka leo wanauliza kipi kinashinda kipi. Lakini miezi mitano sasa sijaingia hata tatu bora. Nikipiga mkwara, hawatupi karata. Mwezi uliopita nilipata ree mbili (zile za A), nikapandisha hadi 100, watu watano wakafuata. Mezani zikafunguliwa 8 na 5 za kopa na 2 ya pau. Nikaweka 200. Mzee mmoja fundi baiskeli, ambaye huwa hapandishi, akapandisha hadi 800. Nikamwaga zote. Kumbe ana 8 na 5! Nani anacheza 8 na 5? Naanza kuamini ni rahisi kuwafunga wanaojua kuliko hawa. Wenzangu wananishauri nisubiri karata kubwa tu. Nibadilishe nini? Nimejaribu na mtandaoni kwa pesa ili nikutane na wanaojua, nimeshapoteza kama 180,000, nyingine nilikopa."*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako ina mambo mawili, na lile la pili umelichomeka mwishoni kama mtu anayetaja homa akiwa ameshashika kitasa cha mlango wa daktari. Nitalifikia. Kwanza tuimalize meza ya Mwanga.

Unachouliza ni kwa nini mtu anayejua anafungwa na wasiojua. Hapa Tabora nimefundisha hesabu za uwezekano kwa miaka mingi, na jioni nimecheza karata chini ya miembe kwa miaka mingi zaidi. Malalamiko kama yako nimeyasikia kwenye lastikadi, kwenye drafti, hata kwenye bao. Kwenye poka yana jibu lililo wazi kuliko kwingine. Wewe unacheza na mabingwa wa kwenye video, na hao hawapo Mwanga.

Tuanze na mkwara. Mwaka 2003 kule Las Vegas, fainali ya mashindano makubwa ya dunia ilibaki na watu wawili kati ya 839: Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, na Sam Farha, mchezaji wa kulipwa. Katika mchezo mmoja Moneymaker hakuwa na kitu mkononi, hata jozi. Akasukuma kete zake zote. Farha alikuwa na jozi ya tisa, kubwa kuliko jozi yoyote nyingine ya mezani. Akafikiri, akafikiri tena, akatupa. Wengi husimulia kisa hicho wakimsifu Moneymaker kwa ujasiri. Mimi namtazama Farha. Mkwara ule ulifaulu kwa sababu upande wa pili palikuwa na mtu anayejiuliza, "Huyu ana nini mpaka anaweka zote?" Fundi baiskeli wako hajiulizi swali hilo. Anajiuliza moja tu: "Mimi nina nini?" Akiwa na jozi ya tatu, ana jozi, basi anafuata. Umemwandikia barua nzuri mtu ambaye hafungui bahasha.

Hesabu yake ni hii. Mzigo mezani, yaani kete zote zilizokwisha kuwekwa, ni 600, wewe huna kitu, unaweka 300 ili watu watupe. Ili usipate hasara, mkwara huo lazima ufaulu walau mara moja katika tatu. Tuseme mbele yako wako watu watatu, na kila mmoja hutupa mara sita kati ya kumi, ambayo ni tabia ya mtu mwoga kwelikweli. Ili wote watatu watupe kwa pamoja unazidisha 0.6 mara tatu, unapata kama 22 katika 100. Tayari umeshapata hasara. Na watu wako si waoga. Wakiwa ni wa kutupa mara tatu tu kati ya kumi, mkwara wako mbele ya watatu unafaulu kama mara 3 katika 100. Kwa mtindo huo miezi mitano umekuwa ukiwagawia kete kwa mkono wako mwenyewe, halafu unaita bahati mbaya.

Sasa zile ree mbili, maana naona ndizo zinazokuuma. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zinashinda kama mara 85 katika 100. Dhidi ya wawili ni 73, watatu 64, wanne 56. Wakifika watano zimeshuka chini kidogo ya 50. Kwa hiyo pale walipofuata watano, kabla hata karata moja haijafunguliwa mezani, uwezekano wa kushindwa ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wa kushinda. Bado zilikuwa karata bora kuliko za yeyote pale, lakini hapakuwa na mapinduzi yoyote. Wewe ndiye uliyewaalika. Kupandisha hadi 100 wakati dau kubwa la lazima ni 50 umekutoa kwenye video, ambako watu wanaheshimu. Kwenu, aliyekuwa ameshaweka 50 yake ya lazima, wengine wote wakiwa wameingia, aliombwa aongeze 50 tu ili apiganie mzigo wa 550. Kwa bei hiyo hata mimi ningefuata na 8 na 5, na nisingeona haya.

Dawa yake ni kupandisha kwa kiasi kitakachowauma kidogo. Anza na mara nne au tano ya dau kubwa, kisha ongeza dau kubwa moja kwa kila aliyeingia kabla yako. Madau yakiwa 25 na 50, na wawili wameshaingia, weka 300 au 350. Wakifuata watatu, mwezi ujao weka 450. Hakuna kitabu kitakachokuambia kiasi sahihi cha meza ya Mwanga. Unatafuta kiasi ambacho kwa kawaida kinakubakizia mtu mmoja au wawili. Utaniuliza: wasiojua si watashtuka wakiona kiasi kimekuwa kikubwa? Mjuzi angeshtuka. Wao wanaangalia karata zao.

Karata zikishafunguliwa, kosa la pili lilikuwa ile 200 kwenye mzigo wa 600. Mezani palikuwa na kopa mbili, na mbele yako watu watano. Mwenye kopa mbili mkononi anangoja ya tano, maana kopa tano hushinda jozi, na kwa 200 ulimuuzia ngojo hiyo kwa bei ya kutupa. Hapa ndipo faida ya kucheza na watu wasiotupa ilipo, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Tuseme imebaki karata moja kufunguliwa, mzigo ni 1,000, wewe una jozi kubwa na mwenzako anangoja kopa. Kati ya karata 46 asizoziona, kopa ni 9. Unaweka 1,000. Mchezaji mzuri anatupa. Wa Mwanga anafuata. Rudia mchezo huo mara 46: mara 9 anapata kopa yake na kuchukua 2,000, jumla 18,000, mara 37 anapoteza 1,000, jumla 37,000. Ukitoa, kila anapofuata anapoteza wastani wa kete 413 zinazokuja kwako. Hata siku ile kopa inapotokea na yeye anacheka hadi anashika mbavu, alikuwa amekulipa. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi hawaipimi kazi yao kwa usiku mmoja waliorudi na mtumbwi mtupu. Lakini ukishaona kopa ya tatu imefunguliwa, na mtu ambaye kutwa nzima alikuwa anafuata tu ghafla anapandisha, usimwongezee hata kete moja. Faida ya 413 inakaa mfukoni kwa mtu anayejua kutupa pale.

Hapo tumefika kwa fundi baiskeli. Umeandika mwenyewe kwamba "huwa hapandishi". Basi siku aliyopandisha alikuwa amekuambia kila kitu, kwa sauti, bila mkwara. Mtu anayefuata kwa chochote hufuata na jozi ndogo, na karata ya kungoja, na udadisi tu. Kupandisha kwake ni tukio. Wakati unamwaga zote, alikuwa na jozi mbili, na ree zako zilibakiwa na nafasi ya karibu robo tu ya kumpita. Najua kutupa ree mbili kunauma. Mimi mwenyewe nimewahi kuzitupa huku mkono unatetemeka. Ila jozi moja ni jozi moja, hata ikiwa ya ree. Na ulikuwa umetoa 300 tu. Ungetupa, ungebaki na 4,700 na usiku mzima mbele yako.

Wanaokuambia usubiri karata kubwa tu wana nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki imo kwenye saa. Mkianza na 25 na 50 na kuongeza mara mbili kila dakika 20, baada ya saa moja na dakika 20 madau yatakuwa 400 na 800. Kete 5,000 ulizoanza nazo zimekuwa dau kubwa sita na robo tu. Kwa watu wanaochanganya karata kwa mkono na kubishana, nakadiria mchezo mmoja unakula dakika tatu, kwa hiyo hadi hapo umegawiwa kama mara 27. Sasa, jozi ya jeki kwenda juu, pamoja na ree na kingi, huja kwa wastani mara moja katika 33. Katika michezo 27 kuna uwezekano wa zaidi ya 40 katika 100 usione hata moja. Anayesubiri hizo peke yake anakufa polepole, tena kwa heshima zote.

Kwa hiyo dakika 40 za mwanzo, kete zikiwa nyingi kulinganisha na madau, ingia kwa bei rahisi na jozi ndogo. Jozi yoyote hupata mwenzake wa tatu mezani katika zile tatu za kwanza kama mara moja kwa kila nane na nusu, na ikitokea, watu wasiotupa watakulipa zote. Ree na karata nyingine ya aina ileile, kopa kwa kopa au pau kwa pau, nayo ni nzuri. Wakiwa hawajapandisha, ingia. Usipopata kitu, ondoka bila hotuba.

Kete zako zikishuka chini ya dau kubwa kumi, acha kuingia kidogo kidogo. Ama unaweka zote kabla ya karata za mezani, ama unatupa. Lakini hapa pia video zinakudanganya. Bingwa akibakiwa na kete chache husukuma zote na 7 na 6, kwa sababu anategemea wengine watupe. Kwenu hakuna wa kutupa, kwa hiyo unahitaji karata zinazoshinda zenyewe. Ree na 8 dhidi ya karata zozote inashinda karibu 60 katika 100, na jozi ya tano vivyo hivyo. Zisukume hizo, na kingi na kwini, na jozi zote kubwa kuliko ya tano. Ile 7 na 6 iache kwa mabingwa.

Nimekuwa nikisema "wasiojua" kana kwamba wote ni wamoja, na si kweli. Kuna yule mwoga wa kona, anayetupa mpaka apate jozi ya kingi. Huyo ndiye pekee wa kupigwa mkwara, tena mdogo mdogo, mkiwa wawili tu; akijibu kwa kupandisha, kimbia. Halafu kuna kijana anayesukuma zote kila baada ya dakika tano kwa sababu anataka kwenda kuangalia mpira. Huyo usimkasirikie wala usishindane naye kwa mkwara. Mngojee na ree na jeki, au jozi ya tisa, na umfuate. Kumngoja na ree mbili ni anasa, huja mara moja katika 221.

Kuhusu zawadi, hapa lazima uamue mwenyewe. Anayeshinda anakusanya kete zote 90,000, lakini hapewi zawadi zote tatu, anapewa mbuzi. Maana yake, karibu na mwisho kete unayoipoteza ina uzito kuliko unayoipata. Mkibaki wanne, zawadi ziko tatu, na mmoja amebakiwa na dau kubwa mbili, usipigane na mwenye kete nyingi ukiwa na ree na jeki. Ngoja yule mdogo amalizike. Kama nyumbani wanangojea mawese, cheza hivyo hadi mwisho. Kama unautaka mbuzi, nafasi ya tatu ikishakuwa yako fungua mkono, kwa sababu mwenye kete chache atafikia mchele kwa bahati ila mbuzi atamwona kwa mbali. Wako wanaojibana hivi tangu saa ya kwanza, wakiwa bado watu 15. Hilo sikushauri. Wakati huo hakuna zawadi iliyo karibu ya kulinda.

Je, ukifanya yote haya utashinda mwezi ujao? Labda hapana. Katika watu 18 wenye uwezo sawa, kila mmoja angeshinda mara moja katika 18, yaani mwaka mmoja na nusu kwa ratiba yenu, na kuingia tatu bora mara moja katika sita. Miezi mitano bila kitu inaweza kumpata hata mchezaji mzuri. Na mashindano ya kasi kama yenu yanampa asiyejua nafasi nzuri tu. Ndiyo maana wanarudi kila mwezi. Mwombe mwenye zawadi madau yapande kila dakika 30, utaona tofauti kuliko video kumi.

Na ile dhana kwamba wanaojua ni rahisi kuwafunga haina ukweli. Wanaojua wanafunga kimyakimya, ndiyo maana hukumbuki jinsi 180,000 zilivyoondoka, lakini 8 na 5 unaikumbuka mpaka rangi zake.

Hilo ndilo jambo la pili. Mbuzi wa Mwanga hana kiingilio, ukishindwa umepoteza jioni tu. Mtandaoni unakutana na watu wanaoishi kwa kazi hiyo, kampuni inakata chake kwenye kila mchezo, na wewe umeingia na pesa ya mkopo ukitafuta heshima. Simama sasa. Usicheze ili kurudisha 180,000, imeshaenda. Lipa deni kwanza kutoka kwenye kipato chako. Tena, michezo ya pesa nchini iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya mwaka 2003. Inataka leseni na miaka 18, na tovuti isiyo na leseni ikikunyima chako hutakuwa na wa kumlalamikia. Hata ile ya Jumamosi, siku mtakapoanza kuchangishana kiingilio cha pesa, itakuwa jambo lingine kabisa mbele ya sheria.

Nikuulize kama kaka: kuna mtu nyumbani anayejua kuhusu deni hilo? Je, umewahi kudanganya pesa imekwenda wapi, au kukopa tena ili urudishe, au kukosa usingizi ukiipigia hesabu? Kama hata moja ni ndiyo, maandishi yangu hayatoshi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, mkabidhi simu ya miamala kwa muda kama itabidi. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au hospitali ya mkoa uulize huduma ya afya ya akili. Wanazungumza na watu wenye tatizo hili kama wanavyozungumza na wenye tatizo la pombe, bila kukucheka.

Kama yote ni hapana, basi futa programu hiyo na turudi kwenye mbuzi. Nunua daftari dogo. Kila mchezo uliokugharimu zaidi ya kete 1,000 uandike usiku huohuo: ulikuwa na nini, mzigo ulikuwa kiasi gani, nani alipandisha, na huyo mtu hupandisha mara ngapi. Mtafute mwenzako mmoja anayefikiri vizuri, msome pamoja, kwa sababu makosa yako utayaona kwa shida ukiwa peke yako. Ukipita Tabora kwa treni, lete daftari hilo. Na kama viti mnachagua wenyewe, wahi ukae kushoto kwa yule kijana wa mpira, ili mara nyingi awe ameshaamua kabla zamu yako haijafika.